Sahani Sita za Mama Anne-Marie

Butembo, Jumanne, 3 Julai 2001

Siku kubwa! Naandika haraka kabla vidole havijaganda kwa baridi.

Jemima amepita kibandani kwangu saa nne asubuhi. Hakuja kupigisha barua kwa mashine. Alikuja na habari. Baba yake, Mzee Kitsa, na mdogo wa baba yake, Mzee Siméon, wamekubali kukaa chini na kula pamoja. Miaka minne hawajasalimiana! Sababu ni mikaratusi mitatu iliyoota mpakani mwa mashamba yao, na mmoja wao akaikata kupasua mbao. Nani aliikata, inategemea unamwuliza nani. Kanisani mmoja anakaa benchi za kulia, mwingine za kushoto. Ibada ikiisha, wote wawili wanainama kufunga kamba za viatu mpaka mwenzake atoke. Mzee Siméon huvaa ndala.

Kwa nini nafurahi mimi? Kwa sababu mbuzi wangu wa mahari hawapokelewi mpaka ndugu wote wawili wasimame pamoja uani kuwapokea. Ndiyo desturi. Baba peke yake hawezi kusema ndiyo. Mwaka mzima nangoja. Wasipopatana, hakuna ndoa. Wakipatana, Jemima ni mke wangu kabla ya Krismasi.

Watakula mahali pasipo pa huyu wala pa yule, yaani kwetu, kwa tantine Agar, mama mkubwa aliyenilea. Jumamosi ya tarehe 14, saa saba mchana. Jemima amesema nisijisumbue. Ugali wa muhogo, nyama ya mbuzi, sombe ya majani ya muhogo, basi. Sahani moja kubwa katikati, wazee watie mikono pamoja. Amerudia mara tatu: "Phinées, sahani moja. Moja tu. Umesikia?"

Nimesikia. Maskini, anajua nyumba yetu haina vyombo, hataki niaibike. Ana huruma sana, Jemima.

Lakini mimi nina mpango.


Alhamisi, 5 Julai

Mpango umeiva. Ulitoka katika kijitabu. Mwaka jana mwalimu mmoja alikosa cha kunilipa kwa barua ya kuomba kazi, akaniachia kijitabu cha Kifaransa cha adabu za mezani. Jalada hakuna. Kinaanza ukurasa wa 9 na kinaishia wa 52, katikati ya sentensi kuhusu jibini. Kurasa zilizobaki zinatosha. Kuna michoro! Uma kushoto, kisu kulia, makali yakitazama sahani. Sahani za kauri zenye maua ya buluu na ukingo wa dhahabu. Glasi za kristali zilizochongwa vipande vipande kama almasi. Vijiko vya fedha vyenye umbo la kombe kwenye mpini. Nimesoma ukurasa wa 14 mara nne. Unasema hivi: mbele ya meza iliyopangwa vizuri, hata maadui hushusha sauti.

Maadui hushusha sauti! Ndio ugonjwa wetu hasa, na dawa yake ndiyo hii.

Nimehesabu vyombo vya nyumbani. Sahani za bati nne, moja imetoboka. Bakuli moja kubwa lenye picha ya jogoo. Vikombe vya plastiki vya rangi zote. Uma hatuna. Tantine Agar ameniuliza natafuta nini kabatini mwake. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa kwenye gunia la makaa. Lakini baadaye, akichambua sombe, akasema polepole kwamba anamjua mwanamke mmoja kule Mbau, Mama Anne-Marie, Mkatoliki, mjane, aliyekuwa mpishi wa Mzungu mwenye shamba la kahawa. Mzungu alipoondoka alimwachia vyombo vyake vyote amtunzie wiki mbili. Ilikuwa mwaka 1974.

Nitakwenda Mbau. Tantine anasema njia haifai siku hizi. Wenye malori wanasema njia imetulia wiki hii. Wiki iliyopita pia walisema hivyo, lakini sasa wanasema kwa uhakika zaidi.

Jambo moja linanichoma. Glasi za kristali mjini anazo mtu mmoja tu: Zorobabel. Mwuza vitenge. Amekwenda Dubai mara mbili na kila mazungumzo yake yanapitia Dubai, hata ukimwuliza bei ya chumvi. Anaimba besi kwaya moja na Jemima, na akiimba anamtazama yeye, hatazami karatasi. Kumwomba huyo! Nitafikiri.


Jumamosi, 7 Julai, Mbau

Nimefika! Kutoka Butembo hadi Beni juu ya lori la kabeji. Beni hadi Mbau nyuma ya baiskeli. Beni kuna joto, nimevua sweta zote mbili.

Mama Anne-Marie ni mwanamke mdogo, mkavu, mwenye macho ya mwalimu. Kwanza alikana. Sahani? Sahani gani? Hajawahi kuona sahani maisha yake. Nikamwonyesha kijitabu. Akafungua mchoro wa ukurasa wa 22, akaushika kwa muda mrefu. Kisha akasema chorochoro gani hili, glasi ya maji imewekwa vibaya. Akaingia ndani akatoka na majembe mawili.

Vyombo vimo ardhini! Tangu vita vya kwanza, vya 1996. Kila kundi la wenye bunduki lililopita lilipekua nyumba, yeye alikuwa ameketi mlangoni akimenya maharage, na chini ya shamba lake la viazi vitamu kuna pipa. Tumechimba saa nzima. Ndani ya pipa kuna blanketi, ndani ya blanketi majani makavu ya migomba, na ndani ya majani sahani sita. Maua ya buluu! Ukingo wa dhahabu! Moja tu imemeguka kidogo. Na visu sita, uma sita, vijiko sita vya fedha vyenye kombe kwenye mpini, vyeusi kama masufuria. Akachukua jivu na kitambaa, akasugua kijiko kimoja mpaka nikajiona pua.

Aliniambia mengi tukisugua. Mzungu na mke wake walikuwa wanakula meza ndefu, huyu mwisho huu, yule mwisho ule. Miaka kumi na miwili aliwahudumia, hakusikia wakizungumza mezani zaidi ya kuombana chumvi. Hata siku ya kukimbia walikula kwanza, kimya.

Utulivu wa namna hiyo! Nimeandika kwenye kiganja: wazee wawili, miisho miwili.

Atanikopesha. Masharti yake: nirudishe zote, na nirudi mwenyewe kumweleza zilivyoonekana mezani. Alisema, "Miaka makumi mbili na saba sijaziona zikikaa na watu. Unieleze muzuri, usinidanganye." Sauti yake ilibadilika kidogo. Na mimi nikageuka kufunga blanketi upya, sijui kwa nini. Ni sahani tu.


Jumapili, 8 Julai

Nimerudi. Karibu nisirudi.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari walitupanga chini kando ya lori wakapekua mizigo. Kabeji hazikuwepo tena, safari hii tulibeba mbao. Mmoja akafungua blanketi langu. Visu sita, vinang'aa! Akapiga mluzi. Akaja kamanda wao, kijana mrefu mwenye miwani ya jua, akaninyoshea kimoja puani. "Papa, mbeli oyo nyonso pona nini?" Anataka kujua visu vyote hivi ni vya nini. Nampelekea nani porini?

Nikasema ni vya kulia chakula. Wakacheka vibaya. Nikasema ni vya kupatanisha wazee wawili. Wakaacha kucheka, ndipo nikaogopa kwelikweli. Nikatoa kijitabu.

Kamanda akaniamuru nionyeshe. Pale pale! Nikageuza kreti la bia, nikatandika leso yangu, sahani katikati, uma kushoto, kisu kulia. Akaketi kwenye jerikani. Wakamletea ndizi mbili za kuchoma. Nikasimama nyuma yake nikimwelekeza: kiwiko ndani, mkuu, kiwiko ndani. Akakata. Akachoma kwa uma. Akala. Barrière nzima ikanyamaza, hata dereva. Alipomaliza akapangusa midomo kwenye ncha ya leso yangu, akasema kwa Kiswahili chake, "Hii ni vitu ya bakubwa." Akaturuhusu kupita.

Uma aliokula nao amebaki nao. Kwa uchunguzi, alisema.

Nimebaki na uma tano. Lakini ni ushahidi gani mkubwa kuliko huu? Mtu mwenye bunduki alishusha sauti! Ukurasa wa 14 haudanganyi.

Tantine ananuna kwa sababu nimekosa ibada. Zorobabel aliimba solo, anasema. Nzuri sana, anasema. Sikumwuliza.


Jumatano, 11 Julai

Nimemeza kiburi. Nimekwenda dukani kwa Zorobabel.

Glasi zake sita zimo kwenye kabati la kioo nyuma ya vitenge, kila moja bado na karatasi ya duka imebandikwa. Nzito! Zimechongwa kama kwenye mchoro. Ukigonga kwa kucha inalia muda mrefu kama kengele ya shule. Hazijawahi kunywewa hata maji. Nilimwuliza kwa nini alizinunua basi. Akasema Dubai watu hawaulizani hivyo.

Masharti ya Zorobabel: karatasi zisibanduliwe. Glasi zisioshwe kwa maji moto. Na yeye mwenyewe aje akae mezani, alinde mali yake. Nikasema hii ni karamu ya familia. Akasema glasi zake pia ni familia. Nimekubali. Nitamweka mbele ya sahani iliyomeguka na hatapata uma.

Nimefanya mazoezi ya meza. Mlango wa stoo juu ya vigogo viwili, na juu yake shuka jeupe la tantine, la harusi yake, nililopiga pasi ya makaa. Kuna alama ya hudhurungi yenye umbo la pasi. Nitaiziba na maua.

Serviette, vile vitambaa vya mezani, zilinisumbua. Kijitabu kinafundisha kukunja kofia ya askofu. Nilikunja sita, zikasimama vizuri sana. Tantine akaingia, akaweka beseni chini, akauliza kama nimechanganyikiwa: Mzee Kitsa ni mzee wa kanisa la Kiprotestanti miaka ishirini, nataka apanguse midomo kwa askofu? Nikazikunjua. Sasa zina umbo la kabeji.

Jemima alipita jioni na kwaya. Niliufunga mlango nikasema kuna mshangao. Akasema, "Phinées, sipendi mushangao. Sahani moja, eh?" Nikamwambia asiwe na hofu hata kidogo. Namna anavyonihurumia!


Ijumaa, 13 Julai

Kila kitu tayari. Najisikia kama mfalme mdogo.

Nimepiga kwa mashine kadi za majina. MZEE KITSA, kichwa cha meza upande wa dirisha. MZEE SIMÉON, kichwa cha meza upande wa mlango. Kati yao mita tatu na nusu. Hakuna atakayemgusa mwenzake hata kwa kiwiko, basi ugomvi utatokea wapi? Pande za kati: Jemima, tantine, mimi, Zorobabel.

Nimepiga pia orodha ya chakula. Supu ya kuku. Samaki wa Kyavinyonge, kule ziwani. Mbuzi. Ugali nitausimamia mwenyewe: nitaushindilia katika kikombe cha chai na kuugeuza juu ya sahani, kila mtu na kilima chake, vyote kimo kimoja. Haki kabisa! Hakuna atakayesema mwenzake amepewa zaidi. Na badala ya birika moja la kunawia linalozungushwa, kila mgeni atakuwa na kibakuli chake cha maji chenye kipande cha limau. Ukurasa wa 31.

Tantine ameniuliza kama najua wazee hawa wanakuja kufanya nini. Nikasema kula. Akasema, "Mm." Kisha akaenda kuazima mwiko mkubwa kwa jirani. Sijui wa nini, ugali wangu unatosha kikombe.

Mishumaa: minne. Mchana haionekani, kwa hiyo nitafunga madirisha.


Jumamosi, 14 Julai

Nianze mwanzo.

Saa saba kamili wamefika, Mzee Kitsa kwa njia ya juu, Mzee Siméon kwa njia ya chini. Makoti yote mawili ya Jumapili. Hawakutazamana. Jemima yuko nyuma ya baba yake, gauni la kijani, amebana kitambaa mikononi. Nikafungua mlango.

Ilikuwa nzuri! Lazima niseme hata kama kila mtu atakataa. Maua ya buluu chini ya mishumaa. Dhahabu inameta. Glasi zinarusha vinyota ukutani, pamoja na karatasi zake. Mama Anne-Marie angelia.

Mzee Siméon akauliza kwa sauti ya chini nani amekufa.

Nikafungua dirisha moja. Nikawaongoza kwenye kadi zao. Mzee Kitsa akakaa, akamtafuta ndugu yake kwa macho, akamkuta kule mbali kabisa nyuma ya maua niliyoweka kuficha alama ya pasi. Jemima akaiangalia meza, akaniangalia mimi, akaiangalia meza tena. Uso wake ulipauka. Nilidhani ni kwa uzuri.

Tukaomba. Nikasema wanawe mikono. Mzee Kitsa akatafuta birika. Mimi, kijana, nilipaswa kumwagia maji mkubwa, kisha mdogo wake, birika moja, beseni moja. Nikamwonyesha kibakuli chake. Akatoa limau, akaliweka juu ya shuka. "Hata maji mumetugawanyia?"

Supu ikapita, kimya. Vijiko tu. Utulivu ule ule wa Mbau! Nilifurahi moyoni, kweli. Nikaleta samaki na ugali. Vilima sita, kimo kimoja.

Mzee Kitsa akakitazama kilima chake. Akatazama cha mdogo wake, mita tatu na nusu. Akaweka mikono yote miwili mezani. Nayakumbuka maneno yote. "Muliniita nikule na ndugu yangu. Sasa munanipatia bukari yangu, na yeye bukari yake. Kugawanyika tulishaka gawanyika sisi wenyewe. Hatukuomba musaada!"

Na Mzee Siméon kutoka upande wa mlango: "Mimi wananiweka huku kama muzigo. Na hapana uma." Kweli. Uma zilihama! Pengo la uma lilimwangukia yeye. Zorobabel alikuwa na uma, ameshaanza samaki.

Wakasimama. Wakatoka. Mmoja mbele, mmoja nyuma. Jemima akasimama mwisho. Aliweka kitambaa mezani, machozi yamejaa, akasema, "Moja, Phinées. Nilikuambia moja." Akatoka mbio. Tantine pia hayupo.

Nilikaa. Mbele yangu Zorobabel anakula, mkono mwingine umekumbatia glasi. Nikawaza: mwaka mmoja, mbuzi kumi na wawili niliowalea kama watoto, na Jemima, Jemima anayecheka kwa pua. Yote yamekwisha kwa sababu ya kikombe cha chai. Nilitaka kulia, na nililia kidogo, kwenye serviette ya umbo la kabeji.

Kisha nikasikia sauti nyuma ya nyumba.

Nikatoka uani. Jikoni kwa tantine, moshi, giza kidogo, vigoda vitatu. Mzee Kitsa na Mzee Siméon wamekaa magoti yakigusana. Katikati yao bakuli la jogoo, na ndani yake ugali mmoja mkubwa kama kichwa cha ng'ombe, unafuka, ule wa mwiko wa jirani. Tantine amesimama na birika mkononi, maji bado yanadondoka. Walikuwa wakielekea lango, amenieleza baadaye, akasimama njiani na beseni akasema tu, mikono. Wakanyosha mikono. Hakuna anayemnyima mama mkubwa mikono.

Nilisimama nyuma ya mlango. Mzee Kitsa akamega tonge, akachovya, akatafuna kwa muda. Halafu neno lake la kwanza kwa ndugu yake baada ya miaka minne: "Huyu kijana ni mujinga."

Mzee Siméon akamwita yaya, yaani kaka, kama zamani: "Kabisa, yaya. Mujinga sana."

"Ulikiona kile kilima?"

"Nilikiona. Kama kaburi la panya."

Mzee Siméon akaanza kucheka, ugali mdomoni. Mzee Kitsa akampiga mgongoni ili asipaliwe, akaendelea kumpiga hata baada ya kukohoa kuisha, na mkono ukabaki pale pale. Akachukua kipande cha ini akakiweka upande wa mdogo wake. Mzee Siméon akakila. Hakuna aliyetaja mikaratusi.

Jemima alikuwa ameegemea nguzo. Aliponiona akafuta machozi kwa kiganja, akacheka kwa pua.

Wamekubali! Wote wawili. Mbuzi waje Agosti.


Jumapili, 15 Julai

Nimeamka mwepesi. Nimeimba bafuni.

Kanisani wamekaa benchi moja. Watu wakageuka kutazama. Ibada ilipoisha Mzee Kitsa alimngoja mdogo wake, wakatoka pamoja.

Nimechambua jambo lote kwa makini na matokeo yako wazi. Meza ilifanya kazi. Bila meza wangekaa tu, wangekula, kila mtu na hasira yake tumboni. Meza iliwatia njaa ya kuwa pamoja. Ni kama supu, inatangulia. Kosa langu lilikuwa moja, sikuwa na mpango wa kuwahamisha jikoni kwa wakati. Ningepaswa kuuandika kwenye orodha ya chakula, baada ya samaki.

Jemima amekuja na ujumbe wa wazee. Tarehe ya mahari imepangwa. Na sharti moja, limetoka kwa wote wawili kwa sauti moja: siku ya harusi Phinées asiguse meza yoyote, wala kiti, wala sahani. Nimeguswa sana. Wanataka nipumzike siku yangu.

Zorobabel amechukua glasi zake. Tano. Ya sita aliivunja mwenyewe: alimwagia chai ya moto ndani ili aonje ukubwa wa mambo. Anasema Dubai haivunjiki.


Jumatano, 18 Julai

Jana nilirudisha vyombo Mbau. Kamanda wa barrière aliniita Maître, mwalimu. Uma umo katika mfuko wa shati lake, meno juu, na askari mmoja ananing'iniza leso mkononi wakati kamanda anakula. Uchunguzi unaendelea.

Mama Anne-Marie alihesabu. Uma tano. Nikasema mmoja umeingia serikalini. Alikunja uso, kisha akaniambia nieleze. Nilimweleza vizuri, sikumdanganya: mishumaa, vinyota ukutani, vilima, kelele, kimya, bakuli la jogoo. Alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema angalau wale walizungumza. Tukazifukia tena pamoja, sahani juu ya sahani, majani ya migomba, blanketi. Alipiga ardhi kwa nyuma ya jembe polepole. Ameomba kuja harusini. Bila shaka!

Leo Jemima alikaa kibandani kwangu saa nzima, sikupiga barua hata moja. Tulipanga maisha. Ananitaka niahidi kitu kimoja: chakula chetu cha kwanza nyumbani kwetu, mimi na yeye, tule sahani moja. Alikuwa ameshika kidole changu kidogo akisema hivyo. Nikaahidi papo hapo. Nani angekataa? Nilijisikia mtu mwenye bahati kuliko wote kutoka hapa hadi Beni.

Sahani moja basi. Nimeelewa. Lakini ukurasa wa 40 ni mkali sana juu ya kula kwa vidole, na mke wangu hatakula ovyo siku yake ya kwanza. Alipoondoka nilikwenda moja kwa moja kwa fundi chuma karibu na soko, nikamchorea. Uma mmoja kwa watu wawili. Meno upande huu, meno upande ule: yeye anakula mwisho wake, mimi mwisho wangu, kwa wakati mmoja, tukitazamana. Fundi aliugeuza mchoro mara mbili, akauliza mkono utashika wapi. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya fundi. Nirudi Jumamosi.